Salamu ya kushoto haifiki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mtu akiniita kutoka upande wa kushoto nageuka mwili mzima kama sanduku, na huu ni mwezi wa 14.

Tulikuwa kwenye kosta tukitoka Dar, vitambaa vya Kariakoo miguuni. Tulipokaribia Segera dereva akapunguza mwendo kwenye tuta. Lori la nyuma yetu halikupunguza. Gari halikupinduka, kioo cha nyuma kilivunjika tu na watu wakapiga mayowe. Nilishuka kwa miguu yangu, nikacheka na wenzangu, nikapanda gari jingine. Usiku shingo ikaanza kukaza. Asubuhi sikuweza kutoa kichwa kwenye mto bila kukishika kwa mikono miwili.

Nikachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nikaenda hospitali, nikapigwa picha. Mifupa mizima, wakasema. Wakanipa diklofenaki na kola ya shingo. Ile kola niliipenda, Shangazi. Niliambiwa niivae siku chache, nikaivaa miezi miwili na nusu, kwa sababu nikiivua naona kama kichwa kitaanguka.

Sasa maumivu si yale ya mwanzo, lakini shingo haiendi. Kulia nafika. Kushoto nafika nusu, halafu kama kuna mlango umefungwa. Nikitoa salamu mwisho wa swala, ya kulia inafika begani, ya kushoto inaishia njiani, nasukuma macho yamalizie. Kisogo kinauma mpaka juu ya jicho. Siku nyingine nayumba kidogo, kama niko kwenye jahazi. Ndoo ya maji kichwani nimeacha. Nikikaa kwenye cherehani saa nzima, siku ya pili sina kazi. Mikono iko sawa, sindano natunga kama zamani. Dawa nameza karibu kila siku.

Kinyozi wa jirani alinionea huruma akanivunja shingo, ikalia kwaa kwaa. Jioni ile nilikuwa mtu mpya. Siku mbili zilizofuata sikutoka kitandani. Mavyaa wangu anasema ni husda ya biashara, tumesoma kisomo mara mbili. Baba Mwanaidi hasemi kitu mbele ya watu, ila tukiwa wawili anasema nadeka, maana damu haikutoka na picha haikuonyesha kitu.

Mwezi uliopita nilirudia picha. Safari hii nikaambiwa pingili zimeanza kusagika. Mtu mmoja akanishauri nipige MRI ndiyo itaonyesha ukweli. Pesa sina. Nina mashine yangu ya overloki, mteja yupo, anasubiri jibu.

Niuze? Na hii shingo itapona au ndiyo ulemavu wangu?

Mama Mwanaidi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole.

Overloki usiuze. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mteja anasubiri, na najua barua ndefu husomwa nusu.

Sasa tuzungumze. Katika barua yako yote kuna sentensi moja iliyonituliza, nawe umeipitia haraka: sindano unatunga kama zamani. Uti wa mgongo ukibanwa shingoni, mara nyingi vidole ndivyo vinavyosema mapema. Vifungo vinakuwa vigumu, uzi haupiti kwenye tundu, mwandiko unaharibika. Fundi angeligundua hilo kabla ya daktari. Kwa hiyo nakuomba uwe mlinzi wa vidole vyako. Siku vikianza kuwa vizito, au ganzi ikishuka mkononi na kubaki, au miguu ikakosa uimara, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au ukiinamisha kichwa ukahisi kama shoti ya umeme inashuka mgongoni, hapo usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na hapo MRI itakuwa na kazi. Vivyo hivyo ukipata homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili pamoja na maumivu ya shingo, maana kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye pingili. Maumivu ya kichwa ya ghafla yasiyofanana na uliyoyazoea, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito: kimbia.

Lakini hayo huna. Ulichonacho ni shingo iliyochapwa. Wazungu wanaita wiplashi, wakifananisha na mjeledi. Gari linapogongwa nyuma, kiti kinausukuma mwili mbele na kichwa kinachelewa. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 na nusu hadi 5, karibu sawa na ule mfuko wa sembe wa kilo 5, nacho kimekaa juu ya pingili saba. Katika sehemu ndogo ya sekunde shingo inapinda vibaya, chini inakunjuka na juu inakunjika, kabla misuli haijapata habari. Vinavyoumia ni viungio vidogo vya nyuma ya pingili, kano na misuli, na hivyo picha ya mifupa haina namna ya kuvionyesha. Mwaka 1995 jopo la wataalamu kule Quebec, Kanada, liliyapanga majeraha haya kuanzia daraja la 0 hadi la 4. La pili ndilo hili lako: maumivu pamoja na shingo kukataa kugeuka, bila mishipa ya fahamu kuguswa na bila mfupa kuvunjika. Baba Mwanaidi akisoma hapa aelewe kwamba kuna daraja zima la jeraha lisilotoa damu wala kuonekana kwenye picha, na wanaolipata si watu wa kudeka.

Je, miezi 14 ni mingi? Inachosha, ila si ajabu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa karibu nusu ya waliopata jeraha hili bado wana maumivu ya shingo mwaka mmoja baadaye. Nafuu kubwa huja miezi mitatu ya kwanza, kisha mwendo unakuwa wa kobe. Wewe uko kwenye mwendo wa kobe. Siwezi kukuahidi kwamba kushoto kutalingana na kulia. Nimewaona waliofika huko, na nimewaona waliobakiwa na ugumu kidogo asubuhi za baridi lakini wanafanya kazi zao zote na hawakumbuki shingo mpaka uwaulize. Ulemavu ni neno ambalo nisingeliweka bado.

Kuhusu hizo pingili kusagika, naomba ulichukulie neno hilo kama mvi. Ukiwapiga picha wenzako wa umri wako pale mtaani wasio na maumivu yoyote, wengi utazikuta. Tatizo la picha ni kwamba inaonyesha kitu, na mgonjwa anatoka na jina la kile kitu, anaanza kuishi nalo. MRI nayo ingekuonyesha mvi zaidi, kwa uwazi zaidi, na daktari angekurudisha kwenye mazoezi yaleyale. Ndiyo maana nimesema mashine ibaki.

Ile kola sikulaumu. Nilifanya kazi ya fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi, zaidi ya miaka thelathini, na mwanzoni tuliwavalisha watu kola wiki hadi wiki tukiamini tunawalinda. Baadaye ikabainika kwamba wanaoanza kuisogeza shingo mapema, taratibu, wanafanya vizuri kuliko wanaoifunga. Shingo iliyofungwa inasahau kazi. Misuli midogo ya ndani, ile inayoshika pingili moja kwa moja, inalegea, na misuli mikubwa ya nje inaichukua kazi isiyo yake na kukaza usiku na mchana. Huo ndio mlango wako uliofungwa. Si mfupa uliozuia, ni walinzi waliokataa kuondoka zamu.

Kwa hiyo kinyozi aache. Najua alikutakia heri, najua ule mlio una raha yake, na jioni ile nafuu ilikuwa ya kweli. Lakini ni nafuu ya saa chache, kwa bei mbaya. Ndani ya pingili za shingo mna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo, na kuivunja shingo kwa ghafla kunaweza, mara chache sana, kuuchana mmoja na kuleta kiharusi. Kwenye shingo iliyokwisha kuumia sitaki hata hiyo mara chache.

Sasa kazi. Wewe una kitu ambacho wagonjwa wangu wengi hawakuwa nacho: futi ya kupimia na daftari la vipimo. Fungua ukurasa mpya, andika jina lako kama mteja. Kaa mgongo ukiegemea ukuta, mabega chini. Geuka kushoto mpaka pale panapoanza kukataa, usilazimishe. Mtu wa nyumbani apime kutoka ncha ya kidevu hadi ncha ya bega la kushoto, pale pale unapoanzia kupimia mkono wa gauni. Fanya hivyo kulia pia. Namba ikipungua, shingo imefunguka. Pima mara moja kwa wiki, kila Jumapili, saa ileile. Usipime kila siku, utajitia wazimu.

Nasisitiza namba kwa sababu maumivu ni shahidi mwongo katika ugonjwa huu. Yanapanda kwa hali ya hewa, kwa kukosa usingizi, kwa kugombana na mteja. Wiki ambayo unaapa huna nafuu, futi inaweza kukuonyesha umepata sentimita moja.

Kuifungua hakuhitaji nguvu. Kunahitaji kurudiarudia, kidogo kidogo, na hapa nimefurahi ulivyotaja swala. Hukumu za swala ya mgonjwa mwulize ustadhi wako, mimi nazungumzia shingo tu. Mwanamke anayeswali anageuza kichwa kulia na kushoto angalau mara tano kwa siku, kwa nyakati zilizogawanywa toka alfajiri mpaka usiku. Ningekaa nikupangie ratiba nisingepata nzuri kuliko hiyo. Basi kila baada ya kumaliza, ukiwa bado umekaa kwenye mswala, ongeza mizunguko mitano hadi kumi ya kushoto na kulia, polepole, macho yakitangulia na kichwa kikifuata. Umesema unasukuma macho yamalizie. Fanya kinyume, yaanze. Macho yakitangulia, shingo huyafuata kwa woga mdogo. Alfajiri ikiwa nzito, weka kwanza taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa.

La pili ufanye ukiwa umelala chali, kichwa kwenye mto mmoja mwembamba. Itikia ndiyo, kidogo mno, kama mtu anayekubali jambo asilotaka wengine walione. Kidevu kinashuka, kichwa hakiinuki. Shikilia kwa kuhesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi. Gusa mbele ya shingo kwa vidole: zile kamba mbili nene zikitutumka umezidisha. Hapa tunaita misuli ya ndani, si ya nje. Zoezi hili linaonekana la kitoto na watu huliacha baada ya siku nne. Usiwe mmoja wao.

Na lile la kuyumba. Shingo ina kazi nyingine ambayo watu hawaijui, ya kuuambia ubongo kichwa kiko wapi. Ikiumia inatoa taarifa za uongo, macho na masikio yanasema lingine, nawe unajiona kwenye jahazi. Tafuta tochi ya kuvaa kichwani. Pima kwa futi sentimita 90 kutoka ukutani, weka kiti hapo, weka alama ya chaki pale mwanga unapoangukia ukitazama mbele. Fumba macho, geuka kushoto, rudi pale unapoamini ni katikati, fumbua. Rudia mara kadhaa. Ukikosea mara kwa mara kwa sentimita 7 au zaidi, shingo yako inahitaji shule, na shule yenyewe ndiyo zoezi hilohilo kila jioni mpaka inyooke. Watoto watalipenda, watataka kushindana nawe. Ila kama kuyumba kwenyewe ni chumba kuzunguka kwa sekunde chache unapojigeuza kitandani, hilo huenda ni la sikio la ndani, lina tiba yake fupi, mwambie daktari.

Maumivu yakipanda kidogo wakati wa mazoezi, endelea. Yakikesha na kuamka nawe yakiwa makali kuliko jana, kesho fanya nusu. Nusu, nasema, usiache.

Kazini usikae saa nzima. Kila baada ya dakika 20 hivi simama, kachukue pasi, kapime mteja. Kazi ya mkono, kupiga pindo na kushona vifungo, weka mto mapajani ipande ikufuate badala ya wewe kuinama kuifuata. Maji beba nusu ndoo mbili mkononi, kichwani bado. Halafu tembea. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku nyingi za wiki, mikono ikipepea. Alfajiri upande wa Raskazone kuna hewa ambayo watu wa Dar wanailipia.

Dawa zinanitia wasiwasi zaidi kuliko pingili. Diklofenaki kila siku kwa mwaka na zaidi inachimba tumbo na kuumiza figo. Na anayemeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na vidonge vyenyewe, akameza vingine kuyatuliza. Nenda kwa daktari, mweleze ukweli wa hesabu yako, akupime shinikizo la damu na figo. Kuna dawa za kumeza kidogo usiku zinazotuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi, lakini hizo aandike yeye, si duka la pembeni.

Tafuta pia fizio wa hospitali ya mkoa akuone walau mara moja akuthibitishie kwamba unayafanya sawasawa. Usiogope gharama ya kwenda kila wiki. Mwaka 2014 watafiti wa Australia waliwalinganisha watu wenye shingo sugu ya namna hii: kundi moja likapewa vikao 20 vya mazoezi, jingine kikao kimoja cha maelekezo na simu za kuulizia. Mwishoni hawakupishana kwa kiasi cha maana. Wengine husoma matokeo hayo kwa huzuni, kwamba mazoezi hayana kazi. Mimi nayasoma kwa jicho la mtu asiye na nauli: mwenye maelekezo mazuri na nidhamu ya nyumbani hajaachwa nyuma.

Hukutaja woga, lakini ulivyolieleza lile lori nimeuona. Kama ukisikia breki za lori mabega yanapanda, kama usiku unaota kosta, kama umeacha kabisa safari za Dar, sema. Watafiti wa hukohuko Australia walikuja kuona kwamba walioumia karibuni, wakifundishwa kutuliza woga pamoja na mazoezi, wanapata nafuu kuliko wa mazoezi peke yake. Anza kwa kupumua: hewa iingie tumboni kwa hesabu ya nne, itoke kwa sita, mabega yakishuka, kila ukipanda daladala. Mavyaa wako mwache asome kisomo, hakigombani na lolote hapa. Ila asiruhusu mtu kukuchanja wala kukukanda shingo kwa nguvu.

Hukuuliza fidia, nalo ni jambo refu, nitaligusa tu. Kwa sheria gari lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na aliyeumia kwa kosa la lori ana haki ya kudai kwenye bima ya lori. Tafuta nakala ya PF3, ripoti ya polisi na karatasi zote za hospitali, hata zilizochakaa, muone mwanasheria wiki hii, maana madai huwa na ukomo wa muda. Bima wakikuzungusha, malalamiko hupelekwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Baba Mwanaidi nimemwekea kazi. Jumapili ya kupima, futi ashike yeye.

Baada ya wiki sita niandikie. Barua iwe fupi, nataka namba nne tu: kulia na kushoto za wiki ya kwanza, kulia na kushoto za wiki ya sita. Na mteja wa overloki mwambie akatafute kwingine.